SOMO LA 14: PASIPOTI NA VIZA

Zamani watu wa kijijini waliosafiri nchi za nje walikuwa wachache. Alikuwapo askari, baharia, mwanafunzi au haji. Siku hizi mambo yamebadilika. Kijana anakwenda Kenya kuuza vitunguu. Mama anampeleka mtoto India kutibiwa moyo. Binti anaitwa Oman kufanya kazi za nyumbani. Mzee anauza ng'ombe wake ili aende Makka kuhiji. Wote hawa wanahitaji karatasi za safari, na karatasi hizo zinataka kusomwa.

Mtu asiyeelewa karatasi zake huongozwa na yule anayezielewa. Kama kiongozi huyo ni mwema, safari itakwenda vizuri. Kama ni mlaghai, msafiri atapoteza fedha, na pengine atapoteza uhuru wake. Kwa hiyo somo hili si la wasafiri peke yao. Ni la kila mzazi, kila kaka na kila jirani ambaye siku moja ataonyeshwa karatasi na kuulizwa, "Hii imeandikwa nini?"

PASIPOTI NI NINI?

Pasipoti ni kitabu kidogo ambacho serikali ya nchi yako inakupa. Kitabu hicho kinawaeleza watu wa nchi nyingine wewe ni nani na ni raia wa nchi gani. Ndani yake mna picha yako, majina yako, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti, tarehe iliyotolewa na tarehe ya mwisho wa kutumika.

Pasipoti za nchi nyingi zinafanana. Jambo hili lina historia yake. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kila nchi ilikuwa na karatasi za namna yake, na wasafiri walisumbuka sana. Mwaka 1920 wajumbe wa mataifa walikutana mjini Paris, chini ya Shirikisho la Mataifa. Walikubaliana kwamba pasipoti iwe kitabu cha kurasa 32. Tangu wakati huo umbo la kitabu halikubadilika sana.

Hapa Tanzania pasipoti hutolewa na Idara ya Uhamiaji. Tarehe 31 Januari 2018 ilizinduliwa pasipoti ya elektroniki. Ndani yake mna chipu ndogo yenye kumbukumbu za mwenye pasipoti, hata alama za vidole vyake. Pasipoti ya raia wa kawaida ina jalada la bluu. Ilipozinduliwa, ada yake iliwekwa kuwa shilingi 150,000, na muda wake kwa mtu mzima ni miaka 10. Kabla hujalipa, uliza ada ya siku hiyo katika ofisi ya Uhamiaji ya mkoa wako. Usimwulize mtu aliyesimama nje ya lango.

Ili upate pasipoti unatakiwa kuthibitisha uraia wako. Andaa cheti chako cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa, na cheti cha kuzaliwa cha mzazi wako au uthibitisho mwingine wa uraia wake. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 18 huombewa kwa idhini ya wazazi au mlezi wake.

Hapa pana jambo linalowachelewesha watu wengi wa vijijini. Ni majina. Kwenye cheti cha kuzaliwa mtu ameandikwa Mohamedi. Kwenye kitambulisho cha taifa ameandikwa Mohamed. Kwenye cheti cha shule ameandikwa Muhamadi. Kijijini sote tunajua kwamba ni mtu mmoja. Lakini ofisa anayesoma karatasi hamjui. Yeye anaona watu watatu. Basi angalia vyeti vyako leo, hata kama huna safari. Kama majina hayafanani, anza kuyarekebisha mapema.

VIZA NI NINI?

Watu wengi huchanganya pasipoti na viza. Tofauti yake ni hii: pasipoti hutolewa na nchi yako, lakini viza hutolewa na nchi unayokwenda.

Fikiri desturi yetu ya kubisha hodi. Ukifika nyumbani kwa mtu husimama nje na kusema, "Hodi!" Wenyeji huuliza, "Nani mwenzetu?" Nawe hujitambulisha. Pasipoti ni kujitambulisha huko. Halafu wenyeji husema, "Karibu." Viza ni karibu hiyo, iliyoandikwa. Kuna viza inayogongwa kwa muhuri ndani ya pasipoti, na kuna inayobandikwa kama stempu kubwa. Siku hizi nchi nyingi huitoa kwa mtandao, nawe unaichapisha kwenye karatasi.

Lakini kukaribishwa barazani si kuruhusiwa kuingia chumbani. Hata ukiwa na viza, ofisa wa mpakani ana haki ya kukuuliza unakwenda wapi, kwa nani, kwa muda gani na una fedha kiasi gani. Akiona kwamba majibu yako hayapatani na viza yako, anaweza kukurudisha. Mjibu kwa ufupi na kwa kweli.

Jambo jingine: ada ya viza ni malipo ya kushughulikia maombi. Kwa kawaida, ukinyimwa viza, fedha hairudi. Kwa hiyo usikope fedha za kuombea viza kabla hujajua masharti yake.

NCHI AMBAZO MTANZANIA HAHITAJI VIZA

Zipo nchi zilizokubaliana kuwaachia raia wao watembeleane bila viza. Tanzania, Kenya na Uganda zilitia saini mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1999. Rwanda na Burundi ziliingia mwaka 2007. Baadaye ziliingia Sudan Kusini, Kongo na Somalia. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Kwa kanuni zake, raia wa nchi mwanachama anayekwenda matembezi katika nchi nyingine anaweza kupewa kibali cha kukaa hadi miezi sita. Kusini mwetu pia, Mtanzania anatembelea Zambia, Malawi na Msumbiji bila ya viza.

Lakini sikiliza vizuri. Kutohitaji viza si kutohitaji karatasi yoyote. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kuwaruhusu raia wao kuvuka mipaka kwa vitambulisho vya taifa. Tanzania haikuingia katika mpango huo. Kwa hiyo Mtanzania anayevuka Namanga, Sirari, Holili au Mutukula achukue pasipoti au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji. Ahakikishe inagongwa muhuri anapotoka kwetu na anapoingia kwa jirani.

Wapo wanaopita njia za panya. Wanasema, "Ng'ambo ni kwa shemeji yangu, kuna haja gani ya muhuri?" Ni kweli kwamba mipaka hii iliwekwa na wakoloni, na ilikata ukoo mmoja katikati. Lakini mtu aliyepita porini hana alama yoyote ya kuonyesha kwamba ameingia kwa halali. Akiumwa, akiibiwa au akigombana na mtu, ataogopa kwenda polisi. Wajanja wanalijua hilo, nao humdhulumu kwa sababu hiyo. Muhuri ni kinga yako.

Tena, kibali cha matembezi hakikuruhusu kuajiriwa. Anayetaka kazi katika nchi jirani lazima apate kibali cha kazi cha nchi hiyo.

JINSI YA KUSOMA VIZA

Ukipewa viza, usiikunje na kuiweka mfukoni. Kaa chini uisome. Viza nyingi huandikwa kwa Kiingereza au kwa lugha ya nchi unayokwenda. Mwombe mwalimu wako wa kisomo akusaidie. Tafuta mambo haya sita:

1. Jina. Je, limeandikwa sawasawa na katika pasipoti, herufi kwa herufi?

2. Namba ya pasipoti. Linganisha tarakimu moja moja. Kosa la tarakimu moja laweza kukurudisha.

3. Aina ya viza. Je, ni ya matembezi, matibabu, masomo, Hija au kazi? Jifunze kuyatambua maneno haya ya Kiingereza: VISIT ni matembezi, TOURIST ni utalii, EMPLOYMENT ni ajira.

4. Tarehe ya mwisho ya kuitumia. Ikipita kabla hujaingia, viza imekufa.

5. Muda wa kukaa. Ni siku ngapi unaruhusiwa kukaa baada ya kuingia?

6. Mara za kuingia. Viza ya kuingia mara moja huisha nguvu ukitoka, hata kama siku zake zimebaki.

Namba 4 na namba 5 huwachanganya watu. Tuseme viza yako inatumika hadi tarehe 30 Juni, na muda wa kukaa ni siku 30. Umeingia tarehe 12 Mei. Siku ya kuingia huhesabiwa. Kuanzia tarehe 12 hadi 31 Mei ni siku 20. Zimebaki siku 10 katika Juni. Kwa hiyo unatakiwa uwe umetoka ifikapo tarehe 10 Juni. Ukingoja hadi tarehe 30 utakuwa umezidisha siku 20. Anayezidisha siku hutozwa faini. Anaweza pia kufungwa, kurudishwa kwao, na kukatazwa kuingia tena katika nchi hiyo.

Iko hesabu nyingine. Nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na uhai wa miezi sita au zaidi tangu siku unayoingia. Tuseme pasipoti yako inakwisha tarehe 20 Oktoba, na safari ni tarehe 10 Mei mwaka huo huo. Miezi sita tangu tarehe 10 Mei ni tarehe 10 Novemba. Pasipoti yako haifiki huko. Utazuiwa, hata kama bado haijaisha. Hesabu hii ifanye kabla hujanunua tiketi.

CHANJO

Nchi nyingi hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Ugonjwa huu huenezwa na mbu, na baadhi ya nchi za Afrika unazo. Chanjo ni sindano moja. Cheti chake huanza kutumika siku 10 baada ya kuchanjwa. Basi anayechanjwa leo asubuhi na kutaka kuvuka mpaka jioni amechelewa. Tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti hiki hutumika maisha yote ya mwenyewe. Kitunze pamoja na pasipoti.

Anayekwenda Hija hutakiwa pia kuchanjwa dhidi ya homa ya uti wa mgongo. Usinunue kadi ya chanjo bila kuchanjwa. Karatasi haimzuii mbu.

VIZA YA KAZI: MFANO WA ZENA

Tuchukue mfano. Yupo binti, tumwite Zena, mwenye miaka 24. Dalali amekuja kijijini. Amewaambia wazazi wake kwamba kuna kazi ya nyumbani Oman, kwa mshahara mzuri. Amesema, "Msiwe na wasiwasi, karatasi zote nitashughulikia mimi." Baada ya wiki tatu amerudi na viza. Zena anasoma darasa la kisomo. Ameisoma viza na kuona neno VISIT.

Zena ana haki ya kushtuka. Huko Oman, kama katika nchi nyingine za Ghuba, viza ya kazi huombwa na mwajiri wa kule. Jina la mwajiri hujulikana kabla msafiri hajaondoka. Mfanyakazi hupimwa afya yake. Mkataba wa kazi huwapo. Mtu anayeingia kwa viza ya matembezi na kuanza kazi amevunja sheria ya nchi hiyo tangu siku ya kwanza, hata kama alidanganywa. Hawezi kudai mshahara kwa urahisi, maana yeye mwenyewe ataulizwa, "Nani alikuruhusu kufanya kazi?"

Hatari hii si hadithi. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa baada ya kuzungumza na wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi za nyumbani Oman na katika Falme za Kiarabu. Wengi wao walieleza kwamba waajiri waliwanyang'anya pasipoti. Wengine walifanya kazi kwa saa nyingi mno, na wengine hawakulipwa haki yao. Wapo pia waliopata waajiri wema, wakajenga nyumba kwao. Lakini mtu hapaswi kwenda kwa kubahatisha.

Kwa hiyo Zena na wazazi wake wafanye mambo haya:

Kwanza, wamwombe dalali leseni ya kazi yake. Sheria ya Tanzania inataka wakala wa ajira awe na leseni. Waihakikishe kwa ofisi ya serikali inayoshughulikia kazi, au waanzie kwa ofisa wa kazi wa mkoa.

Pili, wadai mkataba ulioandikwa kwa lugha wanayoielewa. Wasome mshahara ni kiasi gani, kazi ni ipi, saa za kupumzika ni ngapi, na nani atalipa nauli ya kurudi. Zena asitie saini wala dole gumba kwenye karatasi ya Kiarabu ambayo hajasomewa.

Tatu, wanakili namba ya pasipoti, jina na anwani ya mwajiri, na namba ya simu ya ubalozi wa Tanzania. Nakala moja ibaki nyumbani. Tanzania ina ubalozi Muscat kwa Oman, Abu Dhabi kwa Falme za Kiarabu, na Riyadh kwa Saudi Arabia.

Nne, kama dalali anakataza maswali, au anataka safari ifanywe kwa siri, waripoti polisi. Tanzania ilitunga sheria dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu mwaka 2008. Kumdanganya mtu ili akafanyishwe kazi kwa kulazimishwa ni kosa chini ya sheria hiyo, hata kama mtu huyo alikubali kupanda ndege.

HIJA INATAKA VIZA YAKE

Kila mwaka Saudi Arabia huzipangia nchi idadi ya mahujaji. Anayekwenda kwa utaratibu huo hupata viza ya Hija, mahali pa kulala, basi na hema. Wapo mawakala wanaowauzia watu viza ya matembezi kwa bei nafuu na kusema, "Ukishafika, utahiji tu."

Angalia yaliyotokea Juni 2024. Joto la Makka lilipita nyuzi 50 za sentigredi. Serikali ya Saudi Arabia ilitangaza kwamba watu 1,301 walikufa. Ilieleza kwamba 83 kati ya kila 100 walikuwa watu wasio na kibali cha Hija. Watu hao walitembea masafa marefu juani, bila hema na bila pa kupumzika. Wengi walikuwa wazee waliojinyima kwa miaka mingi kwa ajili ya safari hiyo. Mzee wako akikuambia kwamba amepata Hija ya bei nafuu, isome viza yake kabla hajafunga mzigo.

UKIWA UGENINI

Pasipoti ni mali ya serikali yako, nawe umekabidhiwa. Usiiweke rehani wala usimwazime mtu. Ikipotea au ikiibiwa, nenda kwanza polisi uandikishe taarifa ya upotevu. Halafu nenda na taarifa hiyo kwenye ubalozi wako. Ubalozi unaweza kukupa hati ya dharura ya kurudia nyumbani. Mwenye nakala ya pasipoti husaidiwa upesi zaidi.

Ndugu msomaji, ulipoanza kisomo pengine ulitaka kujua kuandika jina lako tu. Sasa unaweza kusoma tarehe, namba na masharti. Tumia ujuzi huo kwa faida yako na ya jamaa zako. Msafiri akija kukuaga, mwombe akuonyeshe viza yake, nanyi muisome pamoja.

MANENO YA KUKUMBUKA

Raia: mtu anayetambuliwa na sheria kuwa wa nchi fulani.
Uhamiaji: idara inayosimamia watu kuingia na kutoka nchini.
Ubalozi: ofisi ya serikali yako iliyo katika nchi nyingine.
Wakala: mtu au ofisi inayofanya shughuli kwa niaba ya mwingine.
Mkataba: mapatano yaliyoandikwa na kutiwa saini na pande mbili.

MASWALI

1. Nani hutoa pasipoti? Nani hutoa viza?
2. Taja mambo sita ya kuangalia katika viza.
3. Juma aliingia nchi ya ugeni tarehe 20 Agosti. Anaruhusiwa kukaa siku 30. Anatakiwa awe ametoka ifikapo tarehe gani?
4. Bibi Mariamu alichanjwa homa ya manjano tarehe 3 Machi. Cheti chake kilianza kutumika tarehe gani?
5. Kwa nini viza ya matembezi ni hatari kwa mtu anayekwenda kufanya kazi?

MAZUNGUMZO YA DARASA

Zungumzeni kwa vikundi. Je, katika kijiji chenu wapo waliokwenda nchi za nje kwa msaada wa dalali? Walikuwa na karatasi gani? Jamaa zao wana nakala? Baada ya mazungumzo, kila mmoja aandike barua fupi kwa ndugu anayetaka kusafiri, amweleze mambo matatu ya kufanya kabla hajaondoka.